Nilipaswa Kusema Kitambi

Jumapili, alasiri. Kasingirima.

Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika wakati watu wanatoka kutafuta mboga, na sasa jua limewaka kwa hasira kama fundi aliyechelewa kazini. Bati linaalika. Hamisi, mume wangu, ameshuka mwaloni, boti zinakotia nanga, kutazama injini ya mtu. Nimebaki mimi, simu yenye ujumbe ambao sijaujibu tangu asubuhi, na kitambaa kilichokunjwa juu ya kitanda ambacho sijui nikiweke wapi.

Leo utani wangu ni kidogo. Nitautumia wote huku mwanzoni, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema.

Mimi naenda jimu. Ndiyo, mimi. Mwanamke wa Ujiji niliyelelewa kwa mawese na ugali wa muhogo, ambaye mazoezi yangu ya maisha yote yalikuwa kubeba majora ya vitenge kutoka kwenye bajaji hadi dukani, siku hizi navaa suruali ya kubana ndani ya dira, najitanda mtandio, nakwenda Bangwe kuchuchumaa mbele ya kioo. Jimu yenyewe zamani ilikuwa ghala la dagaa. Wameipiga rangi ya bluu, wameweka mashine mbili za kweli, na vyuma vingine ni vya kuundwa hapahapa: makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Jua likichoma, dagaa wanarudi. Unavuta pumzi ndefu kama ulivyofundishwa, unavuta na dagaa.

Ukutani pana picha ya mtu asiye na ngozi, misuli yote nje, kila msuli umeandikwa jina. Asubuhi za wanawake tunasimama chini yake tunachagua kama tuko buchani. Huyu anataka mikono tu, maana anaolewa na gauni lake halina mikono. Yule anataka makalio yapande. Mwingine analalamikia nyama uzembe za mgongoni zinazomwagika pembeni ya sidiria. Hakuna anayekuja kuufanyia mwili wote. Kila mtu ana kipande chake anachogombana nacho, na mimi nilikuwa na changu.

Tumbo tu. Kwingine kote paachwe kama palivyo.

Utani umeisha.

Wasomaji wangu wa zamani mtakumbuka kwamba nilinyamaza hapa, kwenye shajara hii ya mtandaoni. Andiko la mwisho lilikuwa la maumivu ya mgongo na hamu ya kula udongo, na mliposubiri bila kuniona mkadhani nimejifungua nimezidiwa na nepi. Wengine mliandika hongera kule chini. Mmoja aliuliza ni wa kike au wa kiume. Sijazifuta hongera zenu. Sijazijibu pia.

Mtoto alizaliwa, hakulia.

Alikuwa wa kiume, ametimia, vidole vyote, kucha zote, na nywele nyingi zilizolala upande mmoja kama aliyechanwa. Nilipewa nimshike kidogo. Alikuwa bado ana joto, na joto lile lilikuwa langu. Kisha wanaume wa ukoo wakaja kumchukua, na mimi nikabaki wodini nimegeukia ukuta, nasikiliza watoto wa wenzangu wakidai maziwa. Maziwa yangu nayo yakatoka. Hakuna aliyenionya kwamba yangetoka.

Nina jambo moja la kuungama. Habari hii sijawahi kuisema kwa mdomo wangu. Mama alimwambia jirani, Hamisi aliwaambia wenzake wa mwaloni, habari ikatembea yenyewe mpaka sokoni, na mimi nikafika kila mahali nikikuta watu wameshajua, wameshatayarisha sura ya pole. Ilinifaa. Sikuwahi kumtazama mtu machoni nikamwambia: mwanangu amekufa. Nimeandika sasa hivi.

Basi mtoto aliondoka, tumbo likabaki.

Mama aliniambia litarudi lenyewe, nisiwe na papara. Shangazi akaja na maji ya moto na mafuta, akakanda, akasema limekaza, kumbe bado halijakaza. Miezi ikapita na tumbo likaendelea kunitangulia mlangoni, la mviringo, la heshima kabisa, kama la mwanamke wa miezi sita. Mtaani watu wanajua, wanatazama pembeni. Taabu ni dukani. Biashara yangu inategemea wageni, wanawake wanaovuka ziwa kutoka Kongo na mizigo yao, ambao huonana na mimi msimu huu, wakaja tena msimu mwingine. Hao hawajaambiwa na mtu.

Mmoja ni mama wa Kalemie, mcheshi, sauti yake inafika kabla yake. Alikuwa amenikuta na mimba yangu, tukataniana sana, akanichagulia hadi kitenge cha kutokea siku ya arobaini. Akarudi akanikuta na tumbo lilelile. Akasimama mlangoni, akapiga makofi.

"Ee mama! Huyu mutoto anangoya nini? Anangoya atoke na ndevu?"

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Nikachukua mkasi, nikampimia kitenge chake, nikakata pasipo mahali pake, nikampa na kile kipande cha ziada. Akaniombea kwa Mungu nijifungue salama, akaondoka na baraka zake. Nikafunga duka kabla ya adhuhuri nikisingizia kichwa.

Siku ile nilimwambia Hamisi kwamba naenda jimu. Akaniuliza, "Kwani hilo tumbo lina shida gani? Mimi nimelizoea." Maskini, alidhani ananifariji. Nilimnunia hadi kesho yake. Sikutaka lizoewe. Nilitaka liondoke, ili watu waache kuniuliza, ili nisije nikalazimika kujibu. Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu yangu yote: tumbo likiisha, swali litaisha, na maneno yale hayatahitaji kutoka mdomoni mwangu maisha yangu yote.

Anayefundisha wanawake pale ni Goreti. Niseme alikuwa. Ni Mrundi, binti mrefu mwembamba, miguu ya mkimbiaji, ana mwanya unaoonekana hata akiwa amekasirika. Walikimbia kwao yeye akiwa bado msichana mdogo, wakapokelewa kambini huko Kasulu, na mama yake na mdogo wake wako huko mpaka leo. Yeye alikuwa anakaa Bangwe kwa shangazi yake, wa wale Warundi waliokuja zamani wakawa raia. Mambo ya vibali vyake sikuyauliza wala hakuyasema. Hapa kwetu kuna maswali ambayo jirani hamuulizi jirani.

Siku ya kwanza aliniuliza nataka nini. Na hapa inabidi nisimame, shajara, maana kila kitu kilianza kupinda hapa.

Mtu mwingine angesema kitambi. Nina kitambi, nataka kukipunguza. Ndilo neno lake, hata tangazo la mlangoni limeandikwa hivyo: ondoa kitambi. Lakini kitambi ni cha kula. Ni cha mabosi, chipsi na soda za kila siku. Tumbo langu halikuwa la kula. Lilikuwa chumba cha mtu. Nikiliita kitambi ningekuwa nimemtukana, na alikuwa hajawahi kunikosea chochote yule. Kwa hiyo nikasema kwa sauti ndogo:

"Dada, mimi nina tumbo. Naomba mazoezi ya tumbo tu."

Goreti alinitazama usoni, akatazama tumbo, uso ukamlainika. "Ego," akasema, yaani ndiyo. Kisha akanisogelea sikioni. "Nimeelewa, dada. Hapa hatutamwambia mtu."

Nilimshukuru kimoyomoyo. Nikasema huyu ana adabu, si kama wale wa kupaza sauti: mama mwenye tumbo, pita mbele.

Tukaanza. Wenzangu wakiruka kamba, mimi nikakatazwa. Wenzangu wakilala chali wakajikunja kwenda juu mpaka wakaona nyota, mimi nikatandikiwa mkeka pembeni: kaa, kutanisha nyayo, achia mapaja yafunguke, vuta pumzi polepole, itoe polepole. Piga magoti na mikono kama paka, pandisha mgongo, shusha mgongo. Chuchumaa huku umeshika ukuta, kaa huko chini, pumua, inuka taratibu. Kunywa maji. Pumzika. Nikigusa kopo la zege, ananipokonya. Siku moja nilijaribu ule ubao, wa kujinyoosha kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, kwa sababu nilisikia ndio unaokata tumbo hasa. Alikuja mbio akaniinua kwa makwapa.

"Hapana, dada! Hiyo si ya kwako."

Bi harusi wa mikono akanuna. "Huyu mbona anadekezwa kama yai?"

Mimi niliona ni utaalamu. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba huwezi kuchagua sehemu moja ya mwili ukaiyeyusha, mwili hupungua kwa mpango wake wenyewe hata ukiupigia magoti. Nikadhani Goreti ana njia za kuuzunguka huo mpango. Nikatii kila alichosema. Na mwili ukaitika kweli. Mapaja yakakaza. Mgongo uliokuwa unaniuma tangu wodini ukanyooka. Hata mikono, ambayo sikuiomba, ikajichonga kwa kushika ukuta. Kila mahali pakakaa sawa isipokuwa pale pamoja nilipopachagua.

Goreti wala hakuhangaika nalo. Akalitazama kila nikifika, akaridhika. Akawa ananiletea parachichi za shangazi yake, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kula, dada, kula vizuri, usiache kula. Nikawaza, mwalimu gani wa kupunguza tumbo anamlisha mtu parachichi? Lakini zilikuwa tamu, nikala.

Naona haya kuandika hivi, ila nilizipenda sana asubuhi zile. Tangu msiba, watu wananishika kwa huruma, na huruma inachosha. Wanaongea na mimi taratibu, wanaficha watoto wao wachanga nikipita, wanakatiza kicheko. Goreti alinishika kwa furaha. Sikujua ni furaha ya nini. Niliipokea tu, sikuuliza, na kila niliporudi nyumbani nilikuwa nimepumua.

Jana ilikuwa siku yake ya mwisho.

Mama yake amejiandikisha kurudi Burundi. Wengi wanarudi sasa, wengine kwa hamu ya kwao, wengine kwa kuchoka kungoja. Nilimuuliza Goreti yeye anarudi kwa lipi. Alifikiri, akasema, "Mama akirudi, mimi nikibaki hapa nabaki kuwa nani?" Leo alfajiri alikuwa apande basi la Kasulu awakute kambini, kisha siku si nyingi wavuke mpaka wote watatu.

Tulimuaga kwa soda na sambusa kati ya mashine. Bi harusi alilia kuliko sote. Mimi nilimpelekea kitenge kutoka dukani, kile kizuri ninachokificha chini ya meza, na kingine kwa ajili ya mama yake. Sambusa sikula. Hata chai asubuhi sikunywa. Nilikuwa nimeanza ujanja wangu wa pembeni wa kushinda njaa, maana nilitaka angalau siku ya mwisho mwalimu aone tumbo limeingia ndani kidogo, aondoke akijua hakupoteza muda wake.

Watu walipoanza kutawanyika, Goreti akanishika mkono, akanivutia kwenye kile kichumba cha kubadilishia nguo. Akafunga pazia. Akatoa kitambaa kwenye mfuko wa plastiki.

Kilikuwa cha zamani, kizito, kimefuliwa mpaka maua yake yamebaki kivuli. Kwenye pembe kimeshonewa mikanda mirefu.

"Ni ingobyi," akasema.

Mbeleko. Ya kumbebea mtoto mgongoni.

Nilidhani ananionyesha tu. Nikaipokea, nikaipapasa kwa mkono wa kazi kama ninavyopapasa vitambaa vyote. Goreti akaanza kunieleza, na Kiswahili chake, ambacho kikimjia kwa haraka huchanganyika na Kirundi, jana kilitoka polepole, kama aliyekuwa amekifanyia mazoezi.

"Mama alimbeba humu mdogo wangu tulipokimbia. Tulitembea porini, tukalala porini. Hakulia, dada. Watoto wa wengine walilia, yeye hapana, ilimtuliza. Sasa amekuwa kijana, anarudi kwa miguu yake mwenyewe. Sisi hatuna tena mtu wa kubeba. Nikamwambia mama kwenye simu, kuna dada wa Ujiji, mtu mwema sana, ana inda. Akasema mpe. Akaituma kwa mtu wa basi."

Inda niijuayo mimi ni roho mbaya; hiyo ya kwao sikuijua. Sisi wa Ujiji wenye asili ya Manyema, Kiha chenyewe tunakijua cha kusalimia tu, sembuse Kirundi. Goreti akaona sijaelewa, akacheka, akajigusa tumbo lake lililo bapa. Hili ni inda. Akachora mviringo hewani mbele yake. Na hili ni inda. Tumbo ni inda, na mimba ni inda. Kwao neno ni hilohilo moja.

"Si ulisema wewe mwenyewe siku ya kwanza? Mimi nina tumbo. Nikafurahi, kwa sababu wengine wanaficha. Kwetu mtu akisema hivyo tumekwisha kuelewa, hatumuulizi tena mpaka azae. Kuisemasema si vizuri."

Akaendelea kuniambia, kwa fahari, kwamba kambini alikuwa akiwasaidia akina mama wajawazito kufanya mazoezi, na ndiko alikojifunza. Kuchuchumaa kwa kushika ukuta kunashusha mtoto. Paka anampumzisha mgongo mama. Kufungua mapaja na kuvuta pumzi kunatayarisha njia. Nikamsikiliza nikiwa nimekumbatia mbeleko. Wiki kwa wiki, kwa bidii, kwa jasho, nikijitazama kwenye kioo kile, nilikuwa natayarisha njia ya mtoto.

Ambaye ameshapita.

Nilipaswa kusema palepale. Na nilitaka, shajara, naapa nilitaka. Maneno yalipanda mpaka kwenye ulimi. Goreti, hatukuelewana, mimi sina mimba, mwanangu amekufa. Nikafungua mdomo. Yeye akaniwahi, akaniuliza kama anaweza kumuaga mtoto.

Sikujibu. Nadhani kwake ukimya wangu ulikuwa jibu. Akaweka kiganja juu ya tumbo langu, kizima, bila kubonyeza. Kilikuwa cha moto. Tangu wodini tumbo hili limebonyezwa na wauguzi, limekandwa na shangazi, na Hamisi hulikwepa ingawa anasema amelizoea. Hakuna aliyekuwa ameliwekea mkono hivi, wa kungoja kitu.

Tumbo likanguruma.

Njaa. Njaa tupu, chai niliyoiacha jikoni. Lakini lilijiviringisha kweli chini ya kiganja chake, na mimi mwenyewe nikausikia ule msukumo ukipita ubavuni.

"Yoo! Amecheza!"

Goreti alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Amecheza, dada! Amenisikia, ananiaga!" Akainama, akaanza kusema na tumbo langu kwa Kirundi, maneno mengi laini, sikuyaelewa isipokuwa Imana, Mungu, lililorudi tena na tena. Alikuwa anatuombea. Mimi nimesimama na mbeleko ya mama yake mikononi, mgongo ukutani, harufu ya dagaa imejaa, na sasa naandika kitu ambacho sitaweza kumwambia Hamisi. Niliamini. Kwa muda mfupi sana niliamini kwamba wao waliozika ndio waliokosea. Nikajiinamia ndani yangu, nikamtafuta.

Hakuwepo.

Nikasema asante. Nikasema safari njema, nisalimie mama, mwambie Mungu amlipe. Nikamkumbatia, na akaukunja mwili wake pembeni asimbane mtoto. Kazi yangu ni mdomo. Nimewahi kukisifia kitenge kinachochuja rangi mpaka mtu akakinunua na kunishukuru. Jana mdomo huo ulishindwa kusema maneno mawili.

Nilirudi nyumbani na mbeleko ndani ya mtandio, nimeificha kama mwizi. Hamisi aliiona hata hivyo. Aliuliza ya nani, nikasema ya Goreti, ameniachia. Alishika mikanda, akaivuta kwa nguvu, kama anavyovuta kamba za boti kuzipima.

"Imeshonwa vizuri," akasema.

Kisha akaikunja. Pembe kwa pembe, taratibu mno, kwa zile kucha zake zenye grisi, akiangalia isishike doa. Akaiweka kitandani upande wa ukutani, akatoka uani bila viatu, akakaa juu ya kinu akaipa nyumba mgongo. Nilitaka kumfuata. Sikumfuata, kwa sababu nilijua tukikaa wote wawili pale mmoja wetu atalisema.

Hiyo mbeleko haiwezi kukaa hapa. Hiyo si nguo. Mwanamke mmoja alivuka nayo pori na roho ya mtoto mgongoni, akaifua na kuitunza miaka yote ya kambi, kisha akaitoa kwa mtu asiyemjua kwa sababu binti yake alisikia neno moja badala ya lingine. Nimefikiri kuirudisha na basi la kesho. Lakini ukirudisha kitu kama hicho lazima useme kwa nini, na tunarudi palepale.

Ujumbe uliingia asubuhi, mvua ikielekea kukatika.

"Dada nimefika kasulu salama. Mama anasema urakoze sana kwa kitenge, amekivaa. Mtoto anacheza?"

Niliusoma, nikaiweka simu kifudifudi. Nikaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Nikapika, hatukula. Hamisi alipotoka kwenda mwaloni nikaichukua tena, nikaandika: Goreti, mwanangu alifariki kabla hatujajuana, hatukuelewana, nisamehe. Nikaitazama hiyo sentensi. Fupi, haina kosa, kila neno liko mahali pake. Nikaifuta.

Nikajiambia binti ana mzigo wa kutosha. Anakwenda kwenye nyumba ambayo hajui kama bado ina paa, kwa majirani ambao hajui watampokea kwa uso gani. Mama yake amefunga vyombo na hofu. Hii habari ya mtoto ndiyo furaha pekee wanayovuka nayo, na kuwanyang'anya leo ni ukatili. Maneno mazuri kabisa. Mtu akiyasikia ataniona nina moyo.

Si kweli. Simhurumii Goreti. Najihurumia mimi.

Ujiji wanajua. Mtaa mzima wanajua. Bangwe wanajua waliopaswa kujua, na ninyi mnaonisoma mmejua leo. Kila ninapogeuka, mwanangu ameshazikwa. Isipokuwa ndani ya kibanda kimoja huko Kasulu, ambamo mama na binti wanafunga mizigo yao na kumtaja. Wanahesabu atazaliwa mwezi gani. Labda wanabishana atafanana na nani. Labda yule kijana ambaye hakulia porini anaambiwa kwamba kuna mdogo wake Ujiji atakayelala kwenye mbeleko yake. Ni mahali pamoja tu duniani ambapo bado anakuja.

Nimeandika, "Anacheza." Nimetuma.

Mungu anisamehe. Akishavuka, akishapata pa kulala, nitampigia simu nimwambie kwa sauti yangu mwenyewe, na mbeleko nitaipeleka hata kama ni mimi wa kuifikisha mpakani. Hilo nimeliandika hapa mbele yenu ili nisilikimbie. Siku hiyo nitamzika na huko.

Leo nimemwacha acheze.